Nairobi hadi London ni Saa Ngapi? Inategemea Umemuuliza Nani

Uliza simu yako Nairobi hadi London ni umbali gani. Inakujibu kabla hujamaliza kuandika: kilomita 6,800 na kitu, saa nane na nusu hadi tisa angani. Basi. Unarudi TikTok na maisha yanaendelea.

Mimi hilo jibu hunikera. Si ati ni uongo. Namba iko sawa kabisa, hata ukichukua uzi ukaupima juu ya tufe la darasani utakaribia hapo hapo. Kinachonikera ni vile linaongea kana kwamba umbali ni kitu Mungu aliweka hapo kikakaa, kama vilima vya Iveti. Wasee, umbali wa Nairobi na London umebadilika mara nyingi sana, na kila mara uliposhuka kuna mtu alilipa. Wengine wa hao waliolipa walikuwa na majina ya huku kwetu Ukambani, na ndiyo sababu naandika hii stori.

Kwanza tumalize mambo ya hesabu. Hizo kilomita 6,800 ni mstari mfupi kuliko yote juu ya dunia iliyo mviringo. Ndege haifuati mstari. Ndege inafuata ruhusa. Kila nchi ina anga yake kama vile shosho ana shamba lake, na kama hakutaki upite, utazunguka. Kwa miaka mingi njia nzuri ya kutoka Nairobi kwenda Ulaya ilikatiza juu ya Sudan. Halafu tarehe 15 Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, anga ya Sudan ikafungwa, na ndege zikaanza kukata kona, nyingi zikipita Ethiopia na upande wa Bahari ya Shamu ndiyo zifike Misri. Kwa ramani kilomita ni zile zile. Kwa mafuta si zile zile, na mafuta yako ndani ya bei ya tiketi.

Kuna kisa kitamu zaidi ya hicho. Mwaka 1963 nchi za Afrika zilianza kulifungia anga shirika la ndege la Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Rubani aliyekuwa amezoea kupanda moja kwa moja katikati ya bara akalazimika kuzunguka lile tumbo lote la Afrika Magharibi juu ya bahari, na baadaye kutua kisiwa cha Sal kuongeza mafuta. Johannesburg haikusogea hata inchi moja, lakini London ilienda mbali. Nchi zilikuwa changa, hazina jeshi la kutisha mtu, hazina pesa, lakini ziliweza kumwongezea kaburu masaa ya safari. Mimi hiyo naiheshimu sana.

Upepo pia una maneno yake. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka Nairobi hadi New York bila kusimama popote, karibu kilomita 11,800. Kwenda ni kama saa 15, kurudi ni kama saa 14. Ndege ile ile, viwanja vile vile. Tofauti ni kwamba huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hivyo ukienda unapigana nao na ukirudi unakusukuma mgongo. Marubani wanne kwa zamu, na mafuta tani 85 hivi. Halafu Nairobi yenyewe iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndege iliyojaa inahitaji kukimbia sana kabla haijashika. Ndiyo maana njia ya kurukia pale JKIA inapita kilomita 4. Hiyo barabara ya kilomita 4 uiweke akilini, tutaihitaji.

Sasa turudi nyuma kabisa, wakati ambapo Nairobi ilikuwa kinamasi na Machakos ndiyo ilikuwa mjini. Ndiyo, umesoma vizuri. Watu wanatujua kwa Masaku Sevens na matatu zenye kelele, lakini Waingereza walikuwa na kituo hapa Machakos kabla hawajafikiria kuweka chochote Nairobi. Na kabla yao, Wakamba walikuwa wameshaifanya safari ya pwani kuwa kazi. Mfanyabiashara Kivoi (watu wa Kitui, najua ni wenu, tulieni) alikuwa anapeleka pembe za ndovu Mombasa na misafara ya watu wengi, na ni yeye aliyekuwa mwenyeji wa Krapf, yule mmishonari Mjerumani aliyeuona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwaka 1849. Vitabu vya shule viliandika Krapf "aligundua" mlima. Kivoi alikuwa anauona kila siku anga ikiwa safi.

Kutoka Mombasa hadi Machakos kwa miguu, mzigo kichwani, ilikuwa karibu mwezi mzima, ukipitia jangwa la Taru ambapo maji ni ndoto. Ongeza meli kutoka London hadi Mombasa kupitia Suez, wiki tatu hivi. Kwa hivyo ofisa wa kampuni aliyekaa hapa Machakos akiandika barua, ilichukua karibu miezi miwili kufika kwa wakubwa wake, na miezi mingine miwili jibu kumfikia. Fikiria maana yake. Mtu ambaye amri ya bosi wake inachukua miezi minne kwenda na kurudi, huyo kwa kweli hana bosi. Anaweza kuamua ng'ombe za nani zichukuliwe na kijiji gani kiadhibiwe, na London itajua baadaye, kwa maneno yake mwenyewe. Tukisema mbali ni kuzuri kwa sababu mkubwa hakuoni, tukumbuke kuna mtu mwingine huyo mkubwa mdogo anamwona vizuri sana.

Halafu ikaja reli. Masimulizi ya kwetu yanasema nabii Syokimau aliiona kabla haijaja, nyoka mrefu kutoka maji hadi maji. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikapita Athi River, ikaiacha Machakos kando. Ofisi zikahamia Nairobi. Mwezi wa kutembea ukawa kama siku moja ya treni, lakini kwa mji wetu hiyo haikuwa faida, ilikuwa kuachwa. Leo kituo kikubwa cha SGR kiko Syokimau, ndani ya kaunti yetu kabisa, na kinaitwa Nairobi Terminus. Sina cha kuongeza.

Ndege sasa. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, kupitia Kisumu. Usifikirie ulikuwa unapanda ndege London unashuka Kisumu. Ulikuwa unabadilisha chombo kama mtu anayetoka Machakos kwenda Lodwar. Ndege hadi upande wa Bahari ya Kati, ndege ya majini kuvuka bahari hadi Alexandria, treni kutoka Alexandria hadi Cairo, ndege nyingine hadi Khartoum, kisha tena ndege ya majini ikifuata Nile mpaka Ziwa Victoria. Usiku hawakuruka, walilala hotelini. Safari ilipita wiki moja, na kufikia Desemba ya mwaka huo huo ilikuwa bado ni maajabu, kwa sababu meli ilikuwa mara tatu ya hapo.

Nani alikuwa anapanda? Maafisa, walowezi wenye pesa, na barua. Hasa barua. Na barua za kutoka Kisumu hadi Nairobi zilibebwa na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na mama mmoja mlowezi, Florence Kerr Wilson. Uwanja wa Wilson pale Lang'ata ndiyo jina lake. Kuna hata wakati, karibu mwaka 1949 na 1950, ndege za majini za BOAC kutoka Uingereza zilikuwa zinatua Ziwa Naivasha. Lile ziwa tunaenda kupanda boti kuona viboko, jamani. Abiria walikuwa wanashuka kutoka Southampton katikati ya viboko.

Tarehe 1 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walitua Eastleigh. Eastleigh hii hii ya nguo za bei ya jumla, ndiyo, kwa sababu hapo ndipo ndege kubwa zilikuwa zinatua enzi hizo. Walikuwa wametoka London siku iliyotangulia. Tarehe 6 baba yake akafa usingizini huko Uingereza, yeye akiwa Nyeri. Habari ilimfikia kwa masaa tu. Mwili wake ulichukua muda zaidi: ndege ndogo kutoka Nanyuki hadi Entebbe, kukawa na dhoruba ikawachelewesha, kisha ndege kubwa, na tarehe 7 alasiri akashuka London akiwa malkia. Kila mtu anakijua hicho kisa kwa sababu ya filamu. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha umbali ulivyokuwa mwaka 1952 kwa mtu aliyekuwa juu kabisa ya foleni, mwenye ndege yake na marubani wake: karibu siku nzima.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Waingereza walitaka uwanja mpya. Ndege za jeti zilikuwa zinakuja, nzito, zenye haraka, na Eastleigh haingetosha. Wakachagua nyika ya Embakasi, tambarare inayoanzia pale na kuendelea mpaka Athi River, zamani malisho ya Wamaasai na mpaka wa Wakamba. Mahali pazuri kwa uwanja: hakuna kilima, hakuna mti wa maana. Tatizo lilikuwa kazi. Kuchimba, kusawazisha, kupasua mawe, kubeba kokoto kwa kilomita. Na serikali ile ilikuwa na maelfu ya watu ambao hawakuwa na namna ya kukataa kazi, kwa sababu ilikuwa imewafungia. Wafungwa na mahabusu wa Mau Mau ndio waliotumwa Embakasi. Kambi ilikuwa pale pale, kazi ilikuwa pale pale.

Uwanja ulifunguliwa Mei 1958. Aliyeufungua ni Gavana Baring, mkono ule ule uliotia sahihi Hali ya Hatari. Magazeti ya wakati ule yangekuonyesha suti na kofia. Hali ya Hatari yenyewe ilikuwa bado haijaisha, iliendelea mpaka Januari 1960.

Kwa hivyo mtu akikuambia teknolojia ndiyo iliyoileta London karibu, mwambie ndiyo, injini ya jeti ni kweli. Lakini jeti haitui kwenye nyasi. Inahitaji ile barabara, na hiyo barabara haikuanza na mashine peke yake. Ilianza na migongo ya watu ambao kosa lao kubwa lilikuwa kutaka ardhi yao.

Mwaka uliofuata, Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege moja ya kukodi Nairobi kwenda New York. Ni ule mpango wa Tom Mboya na wenzake Marekani, ambao wengine kama Harry Belafonte na Jackie Robinson walisaidia kuuchangishia. Mwaka 1960 Wangari Maathai naye akaondoka kwa ndege za mpango huo huo. Ndani ya miaka michache walikuwa kama 800 kutoka Afrika Mashariki na kusini kidogo. Serikali ya kikoloni haikuupenda huo mpango, ilisema vyuo vya Marekani havina kiwango, ilitaka vijana wachache wapitie njia zake. Mboya akaona kwamba ukisubiri London ikufungulie mlango utasubiri sana, heri uende mbali zaidi. Ukitazama ramani ni ajabu: New York iko karibu mara mbili ya London, lakini kwa kijana Mwafrika wa 1959 New York ndiyo ilikuwa karibu.

Ndege zikaendelea kupunguza masaa. Mwaka 1960 East African Airways, shirika la nchi zetu tatu, ilipata jeti zake za Comet 4 na baadaye, 1966, Super VC10. Safari ya London ikawa ya usiku mmoja. Shirika lenyewe likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, Kenya ikabaki na Kenya Airways. Jengo jipya la abiria likafunguliwa Machi 1978 upande wa pili wa njia ya kurukia, Mzee Kenyatta akafa Agosti mwaka huo, na uwanja ukapewa jina lake. Embakasi ikawa JKIA, na jina la zamani likabaki kwa mtaa, kwa matatu na kwa wale wazee waliojua lilimaanisha nini.

Wazee hao ndio nataka kuwaambia habari zao.

Mwaka 2009 kundi la wazee Wakenya lilifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso waliyofanyiwa kambini miaka ya 1950. Kesi hiyo kwenye vitabu vya sheria inaitwa kwa jina la wa kwanza wao, Ndiku Mutua. Mwingine aliitwa Paulo Muoka Nzili. Mutua, Muoka, Nzili: kama umekulia Machakos, Kitui au Makueni, hayo si majina ya kwenye habari, ni majina ya sajili ya darasa lako. Tumefundishwa Mau Mau kama jambo la msitu wa Nyandarua na jamii moja au mbili tu, na Mkamba anatajwa kwa sentensi moja kama alitajwa. Lakini wale wawili walikuwa na kesi ya jambo moja zito: walihasiwa. Kwa Nzili, ushahidi wake ulisema alifanyiwa hivyo mwaka 1957, katika kambi ya Embakasi.

Soma hiyo sentensi tena halafu ufungue Google Maps uone Embakasi iko wapi.

Wengine walikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyenusurika mauaji ya Hola ya Machi 1959 ambapo watu 11 walipigwa mpaka kufa, na Jane Muthoni Mara. Julai 2012, Nzili, Nyingi na Mara walikwenda London kutoa ushahidi. Walipanda ndege Nairobi. Sijui kama kuna mtu kwenye hiyo ndege aliyejua kwamba mzee mmoja aliyekuwa anafungwa mkanda pale alishawahi kuwekwa kwenye nyika hiyo hiyo akiwa kijana, na si kama abiria. Saa nane na nusu, na kifungua kinywa kwenye trei ya plastiki. Kwa Nzili, Embakasi hadi London ilikuwa miaka 55.

Na unajua serikali ya Uingereza ilijitetea vipi? Kwa muda. Kwanza ilisema hayo madeni, kama yapo, yalirithiwa na serikali ya Kenya wakati wa uhuru. Jaji McCombe akaikataa hiyo mwaka 2011. Halafu ikasema muda umepita sana, mashahidi wamekufa, haiwezekani tena kuwa na kesi ya haki. Yaani umemweka mtu mbali na wewe kwa kila njia, kwa bahari, kwa nauli, kwa viza, kwa woga (Mau Mau lilibaki kundi haramu hapa Kenya mpaka mwaka 2003, hiyo ni aibu yetu wenyewe), halafu akifika mlangoni mwako miaka 50 baadaye unamwambia amechelewa.

Kilichowaangusha ni karatasi. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya Kenya kama 1,500 katika jengo la Hanslope Park, mafaili yaliyotolewa Nairobi wakati wa uhuru ili serikali mpya isiyaone. Wanahistoria akina Caroline Elkins na David Anderson walikuwa wamesema kwa muda mrefu kwamba kuna kitu kinakosekana. Kwa hivyo mwaka 1963, kabla hata hatujapandisha bendera vizuri, ushahidi ulikuwa umeshasafiri kwenda London. Makaratasi yalifika miaka karibu 50 kabla ya mwenye kovu. Oktoba 2012 Jaji akasema kesi inaweza kuendelea, kwa sababu pamoja na mambo mengine maandishi yalikuwepo mengi. Na tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague akasimama bungeni kwao akasema Uingereza inasikitika kwa dhati, na kutangaza pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa waathiriwa 5,228. Gawanya mwenyewe. Ni pesa za kununua pikipiki kadhaa, si za kununua ujana wa mtu.

Kuna wasee wataniambia kwa komenti, "bro, hiyo ni historia, sisi tunataka tu kusafiri." Sawa, hata mimi nataka kusafiri. Lakini hebu tuangalie leo. Mwingereza akitaka kuja Nairobi anajaza fomu ya intaneti usiku, anafika wiki hiyo hiyo. Wewe ukitaka kwenda London unatafuta taarifa za benki za miezi sita, barua ya mwajiri, mtu wa kukualika, unalipa ada ambayo hairudi, unatoa alama za vidole, unasubiri. Wakikukataa unaanza upya. Nimemwona rafiki yangu akisubiri mpaka harusi aliyokuwa anaendea ikapita, bibi harusi akapata na mtoto. Kutoka hapa London kwa Mwingereza ni saa tisa. Kwa rafiki yangu ilikuwa miezi mitano na hakufika.

Na si London tu. Riyadh iko kama kilomita 3,000 kutoka Nairobi, chini ya nusu ya safari ya London, saa nne na kitu unashuka. Binamu yangu aliondoka kwenda kufanya kazi za nyumbani huko kwa mkataba wa miaka miwili. Huu ni mwaka wa nne. Pasipoti inakaa kwa mwenye nyumba. Susu wetu huniuliza Saudia ni mbali kiasi gani, na mimi, mtu wa kutengeneza video za kueleza mambo, huwa sijui nimjibu kwa kilomita au kwa nini. Siku moja nilimwambia ni karibu, karibu kuliko Ulaya. Akaniangalia tu, akaendelea kuchambua pojo.

Kwa hivyo nina ombi moja, na si kubwa. Kuna ukumbusho wa waathiriwa wa mateso ya kikoloni pale Uhuru Park, ulifunguliwa Septemba 2015 kama sehemu ya yale makubaliano. Ni mzuri, nenda ukauone. Lakini mimi nimeenda JKIA mara nyingi kusindikiza watu, kusimama pale nje na mashangazi wanaolia na maombi yasiyoisha, na sijawahi kuona mahali palipoandikwa ni nani waliuchimba huo uwanja. Tuna matangazo ya benki, ya simu, ya bima, ya simba na twiga. Kibao kimoja tu kingetosha, kwa Kiswahili, kwa Kikikuyu, kwa Kikamba. Majina mengi yamo kwenye yale mafaili, kama hayakuchomwa.

Mpaka siku hiyo, ukipata safari, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, kwa hivyo ndege hupaa ikielekea huko. Ikianza kukimbia, usitazame simu. Upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, ng'ambo ya jengo ulilotoka, utaona jengo la zamani, mali ya jeshi la anga siku hizi. Hiyo ndiyo Embakasi ya 1958. Una sekunde chache tu kabla magurudumu hayajaacha ardhi.